Vifuniko vya sanduku la barafu: shajara ya kuvuta resini kwa vakyumu, Nyakato, Mwanza

Januari mwaka huu mama mmoja anayenunua sangara pale mwaloni Kirumba aliniita nikaangalie kifuniko nilichomuuzia mwaka jana. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akachomoa pini kwenye kilemba chake, akaichomeka kwenye kitundu kidogo kuliko punje ya ulezi, akakokota. Ikatoka na uchafu mweusi, laini, wenye harufu ya samaki wa siku nyingi.

"Mwanangu, nakiosha kila siku kwa sabuni na brashi," akasema. "Humu brashi haifiki."

Kifuniko chenyewe ni cha sanduku la barafu la kwenye boti: urefu sentimita 90, upana 70, ukingo wa sentimita 5 unaoshuka pande zote, uso mweupe wa jelikoti, yaani lile tabaka laini la nje lenye rangi. Nimekuwa nikivitengeneza kwa brashi na rola, mati (mkeka wa nyuzi za kioo zisizofumwa) juu ya mati, na kila kimoja kilikuwa na uzito wa kilo 5 na ushee. Siku ile niliamua kuhamia kwenye vakyumu: fiba inapangwa kavu ndani ya kalibu, inafunikwa na mfuko, hewa inavutwa, ndipo resini, ule uji unaoganda na kuwa mgumu, inaingia kwa kunyonywa. Nilidhani vakyumu ingemaliza vitundu. Ilipunguza vingine na kuniletea vipya, kila kimoja na chanzo chake. Naandika ili fundi mwingine asichome pesa nilizochoma mimi.

8 Februari 2025. Vifaa

Pampu ni ya mafundi friji, mtumba, shilingi 260,000. Geji, vali na mipira, 68,000. Chungu cha kunasia resini kabla haijafika kwenye pampu nimekiunga kutoka tangi kuukuu la rangi, 45,000. Kalibu mpya yenye shimo kama sinia, na ukingo bapa wa sentimita 15 kuzunguka kwa ajili ya kubandikia mfuko, 310,000. Jumla 683,000.

Vingine nimevipata mitaani. Neti ya kusambaza resini ni neti ya kivuli ya wakulima wa miche. Kitambaa cha kubandua, kinachozuia neti isigandie kwenye kifuniko, ni bitana ya polista ya mafundi nguo. Chukua ile isiyopakwa kitu cha kuzuia maji, maana iliyopakwa haipitishi resini. Mfereji wa resini ni plastiki ya msokoto ya kufungia nyaya za umeme. Utepe wa gundi ni ule mweusi wa kubandikia vioo vya magari. Mfuko ndio sikuweza kubana matumizi: nailoni ya turubai za ujenzi ilikuwa na matundu hata kabla sijaikunjua, nikaagiza ya kazi hii kutoka Dar.

Jambo moja la usalama. Resini yangu inakuja ikiwa imekwisha kuwekwa kobalti, dawa ya kuharakisha kukauka, kiwandani. Ukinunua isiyowekwa, kobalti na hadina (dawa ya kuigandisha resini) visikutane peke yao hata tone, vinaweza kulipuka. Changanya kobalti kwenye resini kwanza, koroga iishe, ndipo hadina. Na miwani ivaliwe kabla ya kufungua chupa ya hadina. Tone moja likiingia jichoni linaweza kukupofusha.

15 Februari. Geji isiyopanda

Siku mbili nzima zimeishia kwenye uvujaji ambao haukuwepo. Nilifunga mfuko, nikawasha pampu, sindano ikapanda hadi bari 0.87 ikagoma. Video zote nilizotazama zinaonyesha 0.95 na kuendelea. Nikabandua utepe wote nikabandika upya. Nikabadilisha mpira. Nikabadilisha mafuta ya pampu. Ikabaki 0.87.

Aliyenitoa gizani ni mzee aliyeniuzia pampu. Aliniuliza swali moja: "Wewe uko Dar au uko Mwanza?" Geji hii haipimi hewa iliyobaki ndani ya mfuko. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Usawa wa bahari hewa ya nje inasukuma kwa karibu milibari 1,013. Mwanza tuko karibu mita 1,140 juu ya bahari, na hapa inasukuma kwa karibu 885 tu. Hata ukitoa hewa yote, sindano haina pa kwenda zaidi ya hapo 0.88. Walioko Nairobi, juu zaidi yetu, wataona 0.82 hivi, na wako sawa kabisa.

Kwa hiyo namba ya juu kabisa haikuambii kama mfuko unavuja. Kinachokuambia ni jaribio la kushuka: vuta hadi mwisho, funga klampu ya mpira wa pampu, weka alama ya kalamu kwenye kioo cha geji pale sindano ilipo, ondoka. Mimi nasubiri dakika 20. Sindano ikitoka kwenye alama, resini haiguswi. Kwa jaribio hilo nikakuta uvujaji mmoja wa kweli, kwenye mkunjo wa mfuko, mahali ambapo utepe haukushikana na utepe mwenzake. Niliupata kwa sikio, pampu ikiwa imezimwa na redio ya jirani pia. Filimbi nyembamba sana.

22 Februari. Kifuniko namba 1: bonde kavu

Tabaka tatu za kitambaa cha fiba cha gramu 600 kwa mita ya mraba, resini inaingia upande mmoja mrefu, hewa inatoka upande wa pili. Neti ya kivuli nimeitandaza kalibu nzima.

Resini ilikwenda mbio. Dakika nne ilikuwa imefika kwenye mpira wa kutolea, nikashangilia. Kisha nikaona katikati pamebaki peupe, eneo la ukubwa wa sahani ya wali. Resini ilikuwa imezunguka kwa kufuata kona ya kalibu, pale kitambaa kinapopinda na kuacha kijia kitupu chini yake. Ikafika kwenye njia ya kutokea kabla ya katikati kulowa, na ikishafika hapo haina haja tena ya kurudi. Hewa ya katikati imezingirwa, haina mlango.

Nyuma kulikuwa na fiba kavu. Mbele, jelikoti ilionekana nzuri, lakini ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea. Kimetupwa.

Marekebisho: neti sasa inaishia sentimita 6 kabla ya upande wa kutolea hewa, na pembeni haigusi kona. Pasipo na neti resini lazima ipite ndani ya kitambaa chenyewe, inapunguza mwendo, nyuma inapata muda wa kufika. Safari ya dakika 4 imekuwa ya dakika 14, na bonde halijarudi.

1 Machi. Namba 2: ngozi ya mamba

Hiki kiliniuma kuliko vyote, maana nyuma kilikuwa safi kabisa. Nimekitoa kwenye kalibu, nikakigeuza, na kona mbili za upande wa kushoto zilikuwa zimekunjamana kama mgongo wa mamba. Mikunjo midogo, iliyokaza, ukipitisha ukucha inasikika.

Nilikata kipande cha kona kwa grenda nikakiangalia ubavuni. Pale palipo laini, jelikoti ilikuwa na unene wa karibu nusu milimita. Palipokunjamana ilikuwa kama karatasi ya daftari. Jelikoti nyembamba haikauki vizuri, kwa sababu haina wingi wa kutosha kujipasha joto. Resini ikija nyuma yake, stirini iliyomo (kimiminika kinachoifanya resini iwe nyepesi) inaingia kwenye jelikoti hiyo changa, inaivimbisha, nayo haina pa kuvimbia isipokuwa kukunjamana. Niliongeza na kosa la pili: nilipaka saa 12 asubuhi, karakana ikiwa na nyuzi 19, nikaweka hadina asilimia 1 nikiogopa isikauke mkononi.

Sasa napima kwa mizani, siamini jicho. Eneo la kifuniko pamoja na kingo ni kama mita 0.8 za mraba. Gramu 600 kwa mita moja ya mraba zinatoa unene wa karibu nusu milimita, kwa hiyo gramu 480, naandaa 500 kwa sababu ya zinazobaki kwenye brashi. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, wa pili ukipigwa kukatiza wa kwanza. Kona nazipima kwa kipande cha bati nilichokikata meno ya vina tofauti kwa msumeno wa chuma: unakisimamisha kwenye jelikoti mbichi, unaangalia jino gani limelowa. Hadina asilimia 1.8, na kazi inaanza baada ya saa 4 asubuhi.

Kabla ya kupanga fiba, gusa jelikoti kwenye ukingo bapa wa kalibu. Kidole kinate kidogo, lakini kisitoke na rangi. Kikitoka na rangi, subiri.

8 hadi 16 Machi. Namba 3, wino na vioo vya dirisha

Namba 3 hakikuwa na bonde wala mamba. Kilikuwa na vitundu, vilevile vya yule mama.

Nilitaka kubadilisha kila kitu kwa mpigo. Kijana ninayefanya naye kazi ndiye aliyenizuia: "Fundi, tukibadilisha vyote tutajuaje kilichoponya?" Yuko sahihi, na wiki iliyofuata tulifanya alivyosema.

Kwanza tulipaka wino wa kalamu nene nyeusi juu ya uso mzima, tukafuta haraka kwa kitambaa chenye spiriti. Juu pakarudi kuwa peupe, vitundu vikabaki na wino. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho jicho tupu lilikuwa limekificha: vilikuwa vya aina mbili. Kuna vilivyotawanyika uso mzima bila mpango, 43 kwa hesabu. Na kuna 18 vilivyojipanga mstari mmoja, vikifuata kona ya chini.

Tukavipasua baadhi kwa wembe. Vile vilivyotawanyika vilikuwa ndani ya jelikoti tupu, tundu la mviringo lenye kuta nyeupe. Vile vya mstarini vilikuwa na ganda jembamba la jelikoti juu, na chini yake pango linalofika hadi kwenye nyuzi. Kwa hiyo nilikuwa na magonjwa mawili yenye upele mmoja.

Vilivyotawanyika tulivitafuta kwenye kioo cha dirisha. Vipande vya sentimita 30 kwa 30, vimepakwa nta kama kalibu, jelikoti juu yake, halafu unalala chini na tochi ya simu kuangalia kutoka chini. Kipande cha kwanza, jelikoti iliyokorogwa kwa drili kama nilivyozoea: kimejaa vipovu. Cha pili, imekorogwa kwa kijiti bapa taratibu, kijiti kikigusa chini ya kopo na kuta, kisha imeachwa itulie dakika tano baada ya hadina: vipovu vitatu. Cha tatu, kijiti hichohicho lakini mkono mmoja mzito badala ya miwili: vipovu kumi na moja, vyote chini kabisa, vimeshindwa kupanda. Drili imerudi kwenye kazi ya kutoboa.

Kioo cha nne hakikuwa na jelikoti. Tuliweka kitambaa, bitana, neti, mfuko, tukavuta resini huku tukitazama kutoka chini. Nawasihi mjaribu hili hata mara moja, gharama yake haizidi shilingi 15,000. Unaiona resini ikija kama maji yanavyopanda kwenye kanga iliyoachwa ncha yake beseni. Na unajifunza kuzitofautisha hewa.

Vipovu vinavyosafiri pamoja na mbele ya resini na kutoka nayo ni hewa ya kukorogea. Iache resini itiririke kidogo hadi kwenye chungu na vitapungua. Dawa yake ni kuipumzisha resini kabla ya hadina. Mimi naiweka ndani ya chungu cha vakyumu dakika 10 kwa mvuto wa wastani, pamoja na kipande cha dodoki la plastiki la kusugulia vyombo, ambalo linavipa vipovu mahali pa kuanzia.

Vipovu vinavyokuja mfululizo kutoka nukta moja, hata baada ya resini kujaa, ni uvujaji. Fuata mstari wao nyuma, utafika kwenye tundu. Wetu ulikuwa kwenye mdomo wa mpira wa kuingizia.

Povu jembamba linalotokea kila mahali kwa pamoja, dakika kadhaa baada ya kujaa, ni stirini yenyewe inachemka. Hili sikulitegemea. Kwenye nyuzi 30 stirini huanza kuchemka mvuto ukishusha hewa ya ndani hadi milibari 11 hivi, na pampu ya friji ikiwa nzima inafika chini ya hapo bila shida. Jumlisha joto la resini inapoanza kukauka. Sasa navuta kwa nguvu zote wakati wa kujaribu uvujaji na wakati wa kujaza. Ikishajaa nafunga klampu ya resini, nafungua vali kidogo, nashusha geji hadi 0.6, na kuiacha hapo hadi igande.

29 Machi. Namba 4: kona, na umeme

Vile vitundu 18 vya mstarini vilikuwa vya kona, dada wa kile kijia kilichonitengenezea bonde kavu mwezi uliopita. Kitambaa kikivutwa na mfuko mfupi hakifiki ndani ya kona, kinaning'inia kama daraja. Chini ya daraja panabaki hewa au resini tupu, na jelikoti ya hapo haina mgongo.

Nimefanya mambo matatu. Kona ya kalibu, iliyokuwa kali, nimeizungushia kwa nta ya kufinyanga na kisha jelikoti ya kalibu hadi ikapata mviringo wa milimita 6. Kitambaa nakikata kwenye kona na kukipandisha, sikilazimishi kupinda kipande kizima. Na mfuko naukata mkubwa kuliko kalibu kwa karibu theluthi moja, na mikunjo ya ziada naiweka palepale penye kona ili uwe na nyama ya kushukia. Pampu inawashwa na kuzimwa mara tatu nne kabla ya mvuto kamili, huku kijana anasukuma kitambaa ndani ya kona kwa kijiko cha mbao.

Umeme ulikatika resini ikiwa nusu njia. Mfuko ulishika, lakini pampu iliyozima ilirudisha mafuta yake kwenye mpira hadi kwenye chungu. Bahati chungu kilikuwepo, vinginevyo mafuta yangeingia kwenye fiba. Kuanzia leo kuna vali ya kupitisha upande mmoja kati ya pampu na chungu, shilingi 12,000.

Kukagua kona natumia sarafu ya shilingi 200. Gonga taratibu ukifuata ukingo. Palipojaa panalia kavu, tak tak. Penye pango sauti inazama, kama kugonga boga. Kwenye namba 4 nilipata sehemu mbili tu, kila moja ya ukubwa wa kidole. Nimezitoboa, nimezijaza, kifuniko nimekibakiza karakana kwa matumizi yangu.

26 Aprili. Namba 5: nyuzi zinajitokeza

Kilitoka kwenye kalibu tarehe 12 kikiwa kizuri kiasi kwamba nilipiga picha. Nikakianika nje. Leo, wiki mbili baadaye, ukikitazama kwa kuinama, mwanga ukilala juu yake, unaona ufumaji wote wa kitambaa kama mkeka chini ya shuka.

Resini ya polista inasinyaa inapokauka, kati ya asilimia 5 na 8 ya ujazo wake. Nyuzi hazisinyai. Kati ya nyuzi na nyuzi kuna resini nyingi, inasinyaa na kuivuta jelikoti chini. Nami nilikitoa baada ya saa sita, kazi ya kukauka ikiwa haijaisha, jua likaimalizia bila kalibu ya kukishikilia.

Nimebadilisha mpango wa tabaka. Baada ya jelikoti napaka kwa mkono mati moja ya gramu 300, nainyoosha kwa rola ya chuma hadi isibaki hata kipovu kimoja, nailaza usiku. Mati haina ufumaji wa kujichora, na inasimama kati ya jelikoti na kitambaa. Asubuhi nakwangua vichongo, yaani ncha za nyuzi, vilivyosimama, maana kichongo kimoja kinatosha kuinua kitambaa na kutengeneza pango jipya. Ndipo navuta resini. Kifuniko kinabaki kwenye kalibu saa 24, kisha kalibu nzima inawekwa juani chini ya hema la nailoni nyeusi. Kipimajoto cha jikoni kimesoma nyuzi 54 saa 8 mchana. Saa nne za hapo, kinapoa kwenye kalibu, ndipo kinatoka.

17 Mei. Namba 6 na 7

Namba 6: vitundu 4 kwa wino, hakuna pango kwa sarafu. Namba 7: macho ya samaki kumi na matano upande mmoja, yale mabonde ya mviringo ambapo jelikoti inakimbia kitu. Jirani alipulizia silikoni kwenye bawaba za mlango tukiwa tunapiga nta. Kalibu imeoshwa kwa asetoni, nta upya mara nne, na silikoni haipuliziwi tena ndani ya uzio huu. Kifuniko nimekisugua na kukijaza. Kinatumika lakini sikukiuza kwa bei kamili.

14 Juni. Hesabu hadi leo

Namba 8 hadi 11 vimetoka. Vitundu kwa wino: 3, 1, 2, 0. Namba 8, kilichokaa juani muda mrefu zaidi, wiki tatu, hakijaonyesha nyuzi.

Gharama ya kifuniko kimoja sasa: jelikoti 8,000, resini 22,000 pamoja na inayobaki kwenye neti na mipira, fiba 18,000, mfuko na utepe na bitana 17,000, hadina 2,000. Jumla 67,000. Kwa brashi ilikuwa 58,000. Uzito ni kilo 3.7. Namba 1, 2, 3 na 5 ni hasara tupu, kama 260,000, na vioo vya majaribio 50,000.

Namba 11 nilimpelekea yule mama jana, badala ya kile cha mwaka jana, bila malipo. Alikipokea, akakiinua mara mbili kwa mkono mmoja kupima uzito, akachomoa pini yake. Alizunguka uso wote na kingo, kona zote nne, hakuharakisha. Kisha akairudisha pini kwenye kilemba na kuniuliza vingine vitano vitakuwa tayari lini. Nimemwambia katikati ya Julai, kwa sababu kalibu ni moja na kila kifuniko kinaikalia siku tatu.

Kitakachofuata hapa ni kalibu ya pili.